Navuta ili nilale, sasa masomo yananitoroka

Assalaam aleikum, Mama Mshauri.

Mimi ni kijana wa miaka 21, mzaliwa wa Mtongwe, ng'ambo ya Likoni. Niko mwaka wa pili wa diploma ya uhandisi wa mitambo ya meli katika chuo kimoja hapa Mombasa. Siku za wiki nalala Kisauni, kwenye chumba nilichopanga na mwenzangu wa darasani. Ijumaa jioni navuka feri narudi kwa mama. Nakuandikia saa nane za usiku kwa sababu leo nimejaribu kulala bila kuvuta bangi na nimeshindwa.

Baba alifariki mwaka juzi. Alikuwa kuli bandarini. Alianguka asubuhi, wakasema ni presha, na kabla ya Magharibi tulikuwa tumeshamzika. Siku ya nne nilirudi chuoni, maana tulikuwa na CAT mbili, yaani mitihani midogo ya darasani, na mama alisema baba hangependa nizikose. CAT nilizifanya. Usingizi ndio haukurudi. Nilikuwa nasinzia saa tisa, saa kumi, na adhana ya alfajiri inanikuta kichwa kizito. Mwenzangu alipoona ninavyohangaika akanipa msokoto, akaniambia, "Vuta hii, ni majani tu, Mungu mwenyewe kayaotesha." Nikalala fofofo mpaka jua likanikuta kitandani.

Basi ikawa hivyo. Mwanzo ulikuwa mmoja, wa usiku. Sasa ni mitatu kwa siku: mmoja kabla ya darasa, mmoja alasiri pale maskani, na wa kulalia. Shilingi 50 kila mmoja. Nikikosa, kila mtu ananiudhi, hata mdogo wangu akinisalimu.

Jumapili moja nilikuwa kwenye feri na daftari la thamodinamiki mkononi. Niliufungua ukurasa tukiwa bado upande wa Likoni. Tulipofika ng'ambo, watu wameanza kusukumana kushuka, mzee mmoja mwenye kapu la samaki akaniuliza, "Kijana, huo ukurasa una nini? Tangu tuondoke hujaufunua." Nilikuwa nimesoma mstari mmoja njia nzima. Wiki iliyofuata mwalimu alinisimamisha karakanani nieleze hatua za kuwasha pampu ya mafuta. Nazijua. Nilitaja ya kwanza, nikataja ya pili, ya tatu nikaifungulia mdomo, haipo. Darasa zima kimya, linaningoja. Nimeanguka hisabati na thamodinamiki, na yote mawili inabidi nirudie mtihani.

Kuna jambo la mwezi uliopita. Tulikuwa Bamburi, sherehe ya kuzaliwa ya rafiki yetu, na palikuwa na keki iliyotiwa bangi. Nilikula kipande. Nusu saa ikapita, nikaona hainifanyi kitu, nikaongeza viwili. Baadaye moyo ukaanza kwenda mbio, mikono ikawa baridi, na nikasikia watu nje ya dirisha wakinitaja jina, wakipanga kuja kunichukua. Nilijifungia chooni mpaka alfajiri. Wenzangu wanaapa kwamba nje hapakuwa na mtu. Siku tatu baadaye nilikuwa bado nageuka njiani kuangalia nani ananifuata.

Hili linanitisha kwa sababu nina mjomba, kaka yake mama, ambaye tangu alipokuwa wa umri wangu anazungumza peke yake. Nyumbani wengine wanasema ni majini, wengine wanasema alirogwa. Ameshalazwa hospitali ya Port Reitz mara kadhaa.

Baada ya wiki tisa naenda atachimenti, mafunzo ya kazini, kwenye meli, na kampuni itatupima mkojo. Wenzangu wananiambia ninywe maji ya ndimu na siki, au magadi, siku tatu kabla. Mmoja yuko tayari kuniuzia mkojo wake. Niambie ipi inafanya kazi. Niambie pia kama kweli ni bangi inayoniharibia masomo, maana mwenzangu wa chumbani anavuta kunishinda na alama zake ni nzuri. Labda ni kichwa changu tu hakifai. Mama anakaanga viazi na bajia kila jioni anilipie karo, na hajui lolote. Nimwambie?

Na hili sijui kama lina maana yoyote: tangu baba afe sijamwota hata mara moja. Mama humwota. Wadogo zangu wamemwota. Mimi usiku wangu ni giza tupu.

Kijana wa Mtongwe

*

Waaleikum salaam warahmatullah, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nikakwama kwenye ile mistari yako ya mwisho, uliyoichomeka kama kitu cha pembeni. Nitaifikia. Kwanza nikujibu ulichouliza, kwa maana najua unazihesabu hizo wiki tisa.

Kinacholevya ndani ya bangi ni kemikali iitwayo THC, na tabia yake ni kupenda mafuta. Pombe huchanganyika na maji, mwili ukaitoa upesi. THC hujibanza kwenye mafuta ya mwili, halafu inachuruzika kidogo kidogo kurudi kwenye damu na kutokea kwenye mkojo. Aliyevuta mara moja husafika kwa siku chache. Avutaye kila siku kama wewe anaweza kuonekana kwenye kipimo mwezi mzima baada ya msokoto wa mwisho, na wengine hupitiliza. Ndimu haifiki huko. Siki haifiki, magadi hayafiki. Maji hata ukinywa mtungi mzima yatafanya mkojo uwe mwepesi tu, na maabara huupima huo wepesi wakakuambia urudie. Mkojo wa kununua hupimwa joto ungali kikombeni, na huyo anayekuuzia hujui naye ana nini ndani yake. Hiyo pesa kaa nayo.

Ukiacha leo, wiki tisa kwa watu wengi zinatosha na kubaki. Ikifika wiki ya saba nenda maabara yoyote mjini, ujilipie kipimo mwenyewe, ujue umesimama wapi. Ukingoja uache wiki tatu kabla, sina la kukuahidi. Na uelewe kwa nini watu wa meli wanapima. Umesimama karakanani mchana, mwalimu yuko mbele yako, hatua ya tatu ikakupotea, na lililokupata ni aibu tu. Baharini usiku, chumba cha injini, hatua ya tatu inaweza kuwa mkono wa mwenzako.

Sasa hilo neno lako kwamba labda kichwa chako hakifai. Lifute.

Ndani ya ubongo, kulia na kushoto, kuna kijisehemu kilichopinda ambacho wataalamu wa zamani wa Ulaya walikipa jina la farasi-bahari kwa kuwa kinafanana naye. Kazi yake ni kulichukua lililotokea sasa hivi na kulipeleka kwenye kumbukumbu. Kijisehemu hicho kimejaa milango inayopokea THC. Milango hiyo haikuwekwa kwa ajili ya bangi. Mwili una kemikali yake yenyewe ya namna hiyo, iliyogunduliwa mwaka 1992 na kupewa jina la anandamaidi, kutokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya furaha kuu. Mwili huitoa kwa tone, pale inapohitajika, ikishafanya kazi yake inafutwa. Ukivuta, unamwaga ndoo. Wewe ni mtoto wa kuli, utanielewa: ule mstari wa daftari ulishushwa gatini vizuri kabisa, macho yalifanya kazi yao, ila hapakuwa na mtu wa kuupokea na kuupeleka ghalani. Mara ya pili ukashushwa tena. Mpaka feri ikafika ng'ambo.

Tena una miaka 21. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kupanga, kupima na kujizuia, huendelea kukomaa mpaka karibu miaka 25. Mzee wa miaka hamsini akivuta anaharibu nyumba iliyokwisha jengwa. Wewe fundi bado yuko kazini.

Mwenzako wa chumbani ni mtu mmoja, na kwa mtu mmoja huwezi kujua kitu. Hujui angepata nini kama hangevuta, wala hujui mwaka kesho atakuwa wapi. Nitakupa mfano wa wengi. Maastricht, Uholanzi, bangi huuzwa kwenye maduka maalumu, watu wakiingia na kutoka. Mwaka 2011 mji ule uliwafungia wageni milango ya maduka hayo, isipokuwa Wajerumani na Wabelgiji, ambao waliendelea kuingia pamoja na Waholanzi wenyewe. Chuo kikuu cha mji huo kina wanafunzi wa mataifa yote hayo, wanakaa darasa moja na kufanya mtihani mmoja. Wanauchumi wawili, Olivier Marie na Ulf Zölitz, wakachukua alama zao na kuzilinganisha. Wale waliofungiwa maduka walianza kufaulu kuliko awali. Uwezekano wao wa kupita kozi ulipanda kwa asilimia 5 na kitu, na nafuu kubwa zaidi ikaonekana kwenye masomo yenye hesabu. Hawakubadilishiwa walimu wala vitabu. Walifungiwa mlango wa duka basi. Na wewe umeanguka hisabati na thamodinamiki. Umeanguka palepale.

Habari njema ni kwamba hali hiyo hurudi nyuma. Mwaka 2018 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya vijana wavutaji wa miaka 16 hadi 25, ambao baadhi yao walikaa mwezi mzima bila bangi. Uwezo wao wa kujifunza na kukumbuka maneno ulipanda, na sehemu kubwa ya nafuu hiyo ilikuja wiki ya kwanza. Wiki moja, mwanangu. Kabla hata hujamaliza kulalamika kwamba kuacha ni kugumu, ukurasa wako utakuwa umeanza kufunuka.

Hapa sasa naomba utulie, maana hili ndilo lililonifanya nikujibu kabla ya barua nyingine zote zilizoko mezani.

Bangi ukiila hupitia ini kwanza, na ini huigeuza kuwa kitu kikali zaidi. Huchukua nusu saa mpaka saa mbili kabla haijakupanda, na ikikupanda hukaa saa nyingi. Ulikula cha pili na cha tatu wakati cha kwanza bado kiko njiani, vyote vikafika pamoja. Kihoro kama kile, moyo kwenda mbio na kuona watu wanakula njama, kinaweza kumpata yeyote aliyekula kiasi hicho. Kilichonishtua mimi ni zile siku tatu zilizofuata. Bangi ya keki ilikuwa imeshakwisha kukulevya, lakini ulikuwa bado unageuka nyuma. Na una mjomba.

Mjomba wako sijamwona, kwa hiyo sitampa jina la ugonjwa. Ninachokijua ni kwamba maradhi ya kusikia sauti na kushuku watu mara nyingi huanza ujanani, miaka ya mwisho ya kumi na ya ishirini na kitu, na hutembea kwenye ukoo. Wengi wenye ndugu mgonjwa hawaugui kabisa, hilo nalo ulishike. Lakini katika mambo yanayojulikana kuongeza hatari, bangi ya kila siku imo. Mwaka 2019 ulitoka utafiti mkubwa uliofanyika katika miji ya Ulaya na Brazili: wanaovuta kila siku walikuwa na uwezekano mara tatu wa kupatwa na maradhi hayo kuliko wasiovuta kamwe, na wanaovuta kila siku ile iliyo kali walikaribia mara tano.

Angekuwa kijana mwingine ningezungumza naye habari ya kupunguza, aanze na wikendi, tuone. Na wewe sizungumzi kupunguza. Mwenye damu ya mjomba huyo, na aliyekwisha sikia jina lake likiitwa na watu wasiokuwepo, sikijui kiasi cha kumwambia kwamba hiki hakina neno. Si moshi, si keki, si biskuti. Na ikiwa sauti zitarudi hata siku ambayo hujavuta, au ukaanza tena kuamini kwamba unafuatwa, usingoje Ijumaa. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na umwambie daktari mambo mawili bila kuyaficha: bangi, na mjomba. Maradhi haya yakiwahiwa mapema hutibika vizuri zaidi kuliko yakiachwa yakomae chumbani.

Juu ya majini, sitaki kuivunjia heshima imani ya nyumbani kwenu. Msomeeni mjomba kisomo, ni faraja kwake na kwenu. Na dawa za Port Reitz azimeze. Nimeona familia nyingi zikidhani lazima zichague moja, na mgonjwa ndiye anayelipa.

Kuacha kwenyewe kutakuwaje? Katika watu wanaojaribu bangi, mmoja kati ya kama 11 hunaswa nayo. Wakianza wakiwa vijana wadogo, ni kama mmoja kati ya 6. Kwa wavutaji wa kila siku, hesabu ni mbaya zaidi. Wewe umetoka mmoja hadi mitatu, na ukikosa unamkasirikia mdogo wako kwa salamu, kwa hiyo tusidanganyane. Siku ya kwanza au ya pili utakuwa na hasira, jasho la usiku, chakula hakipiti, na usingizi utakukimbia vibaya. Kilele ni wiki hiyo ya kwanza. Baada ya wiki mbili hivi wengi hupumua, ingawa usingizi huchelewa kutulia. Hayo yatakuumiza lakini hayatakuua. Hakuna kidonge maalumu cha kuacha bangi, na ile dawa ya methadoni inayotolewa Kisauni ni ya waliozama kwenye unga, yaani heroini, si yako. Kinachosaidia wavutaji wa bangi ni mazungumzo, yaani kukaa na mshauri aliyefunzwa, wiki baada ya wiki, mkachambua ni saa ngapi na ni kitu gani kinakusukuma. Piga 1192, namba ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Ni bure, mchana na usiku, na hata saa nane za usiku kama ulivyoniandikia utapata mtu. Hospitali Kuu ya Pwani pia wana watu wa afya ya akili. Ofisi ya ushauri chuoni kwenu ni karibu zaidi, ila ukiingia uliza kabla ya yote kama mtakayozungumza yatabaki mle ndani. Vyuo vingine bado vina haraka ya kumfukuza mwanafunzi kuliko kumtibu, nami jambo hilo linaniuma kila ninapolisikia.

Wako watakaokuambia utafune muguka badala yake. Muguka ni majani ya jamii ya miraa, hukeshesha, nawe unachotafuta ni usingizi. Wengine watakupa vidonge vya kulalia vya mitaani. Usivipokee, hata kimoja. Na anayekuuzia msokoto wa shilingi 50, kama ana kete za unga mfukoni, siku moja utakapokuwa huna usingizi na huna raha, atakutolea moja uonje. Vijana wa Mombasa tuliowapoteza hivyo sihitaji kukuhesabia, unawaona mwenyewe njiani.

Mwenzako wa chumbani hakukutakia mabaya. Alikuona hulali, akakupa alichokuwa nacho. Mwambie hivyo, umshukuru kwa nia yake, kisha umwombe asivutie ndani wala asiache mali yake chumbani. Mbali na harufu kukurudisha nyuma, polisi wakiingia hawataulizana ni ya nani. Kwa sheria ya Kenya hata msokoto mmoja ni kosa la kupelekwa mahakamani, na ukishahukumiwa, doa hilo huonekana kwenye cheti cha tabia njema. Kijana anayetafuta kazi melini bila cheti hicho ataanzia wapi? Mwenzako akikataa, tafuta pa kulala wiki hizi za mwanzo. Ukiweza, rudi Mtongwe uwe unavuka asubuhi. Ni mbali, najua, na foleni ya feri naijua. Lakini ni wiki chache.

Alasiri ndiyo itakayokusumbua kuliko usiku, kwa sababu saa hiyo miguu imezoea kwenda maskani. Ipe kazi nyingine miguu hiyo. Nenda ukaogelee, cheza mpira mpaka uchoke, au kaa kando ya mama umenye viazi. Kahawa tungu iishe kabla ya alasiri. Usilale mchana hata kama macho yanauma, na amka saa ileile kila siku, usiku uwe ulikuwa mzuri au mbaya.

Sasa baba.

Mamako alikaa eda miezi minne na siku kumi. Dini ilimpa muda wa kukaa na kifo. Watu walikuja, wakaketi naye jamvini, wakamsikiliza akisimulia mara ya ishirini jinsi alivyopokea simu, na hakuna aliyemwambia kwamba ameshasimulia. Wewe siku ya nne ulikuwa kwenye CAT. Hapakuwa na jamvi la mtoto wa kiume wa miaka kumi na kitu. Mama alikutuma kwa mapenzi, akiogopa usipotee kimasomo, na wewe ulitii kwa mapenzi, lakini huzuni ilibaki na wewe ikikungoja usiku, saa ambayo hakuna mtihani. Kila ilipokaribia ukaivutia moshi. Mwaka mzima na zaidi, kila usiku.

Usingizi una vipindi, na kimojawapo ni kile cha ndoto, macho yanapochezacheza chini ya kope. Bangi hufanya usinzie upesi, hasa mwanzoni, hilo hukudanganyika. Lakini kwa wavutaji wengi hukibana kile kipindi cha ndoto. Na mwili ukishaizoea, usingizi uleule unataka moshi zaidi, ndiyo maana mmoja umekuwa mitatu. Nakuambia haya kwa sababu ya lile giza lako. Wadogo zako hawampendi baba kuliko wewe, wala baba hakukuchagua wewe akuache. Huenda ni kwamba kila usiku ulikuwa unaufunga mlango ambao ndoto hupitia.

Ukiacha, ndoto hurudi, na kwa wengi hurudi kwa nguvu: ndefu, za rangi, nyingine za kutisha, na unaamka shuka limeloa. Wengi hurudia kuvuta kwa sababu ya usiku huo, wakidhani wanaharibikiwa. Wewe utakuwa unajua. Huenda ukamwota bandarini, huenda ukamwota vibaya, ameanguka. Utalia. Lia, mwanangu, kilio hicho ulikuwa nacho tangu siku ya nne.

Kwa mama usiende na habari hii jioni, mafuta yakiwa motoni na wateja wamesimama. Ngoja baada ya Isha, wadogo wakishalala. Anza na baba, usianze na bangi. Mwambie, "Mama, tangu siku ile mimi silali." Hilo likishatoka, la bangi litafuata lenyewe, na utalisema lote: mitatu kwa siku, masomo mawili, keki ya Bamburi. Atakasirika, pengine atapiga kelele au atanyamaza, ambako ni kuzito zaidi. Usijitetee. Umwachie ile shilingi 150 ya kila siku akushikie, hiyo ni 4,500 kwa mwezi, naye anajua ni bajia ngapi. Akishatulia, muulize habari za kaka yake: alianza kuugua akiwa na umri gani, kulitokea nini mwanzoni, na kama yuko mwingine kwenye ukoo aliyepatwa na hali hiyo. Andika anayokujibu, uende nayo kwa daktari.

Na ndoto ya kwanza ikija, usikae nayo peke yako Kisauni. Mpigie, hata kama ni saa tisa za usiku. Nadhani utamkuta macho.